Kiungo wa Mashine ya Nne

Nimevaa jezi za timu nane maishani mwangu, na tatu kati ya hizo zilikuwa jezi zile zile, maana timu zetu ziliazimana. Usicheke. Ndivyo mpira wetu ulivyokuwa, kuanzia Butiama mpaka Bunda mpaka Musoma mjini. Jezi unaifua Jumapili, na Jumamosi inayofuata unaiona mgongoni kwa mtu mliyepigana naye viwiko wiki iliyopita. Mimi nilikuwa kiungo. Sikuwa mfungaji wa kubebwa mabegani, wala kipa wa kudaka penati. Kiungo ni yule anayekimbia kutwa nzima katikati ya uwanja, halafu watu wakirudi nyumbani wanasema leo winga kacheza vizuri.

Majina sitataja. Wengine wapo hai, na mmoja wao nikimtaja nitakuwa namkosea mara ya pili.

Nilizaliwa upande wa Butiama, kwenye boma la ng'ombe wachache na watoto wengi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyamalizia kwa ng'ombe. Mimi nilibakiziwa moja tu: "Wewe mura, miguu inakuwashaga nini?" Nikitumwa kuchunga nilikuwa napiga tunda la ndulele teke mpaka ng'ombe wanaingia kwenye mtama wa watu, na jioni nachapwa. Kanisani nilikaa karibu na mlango, shuleni nilikaa karibu na dirisha. Mpaka leo mke wangu ananilalamikia kwamba nikilala natupa miguu, na shuka linaamkia sakafuni.

Sikuweza kutulia. Naliandika hili mapema ili lisije likaonekana kama kisingizio baadaye. Ni tabia tu, na mtu mzima anawajibika kwa tabia yake.

Nilianza kucheza mpira wa kweli vita vilipokwisha na maduka yakabaki na rafu tupu na kalenda. Tulicheza Nyamuswa siku za mnada kugombea miche ya sabuni. Kiatu kimoja cha mpira kilikuwa kinavaliwa na watu wawili, mmoja mguu wa kulia, mwingine wa kushoto, na ule mguu wa pili unaufunga kitambaa. Mwaka mmoja tulishinda kombe ambalo zawadi yake ilikuwa kilo mbili za sukari kwa kila mchezaji. Mama aliificha yangu ndani ya pipa la mtama, maana msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto, na nani angeamini kwamba kijana wa Butiama ana kilo mbili za sukari kwa sababu aliwapita mabeki watatu? Tulikunywa chai ya sukari hiyo kwa kujificha, mlango umefungwa, kama watu walioiba.

Baba alikunywa vikombe viwili. Halafu akasema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Nikamwambia kwamba huu wangu ni mchezo utakaokuwa kazi. Akatikisa kichwa akaenda kuwatazama ng'ombe.

Na kweli ukawa kazi. Msimu mmoja tulikwenda Bunda kucheza na timu ya jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, kilichokuwa nje kidogo ya mji, mali ya ushirika. Siku hiyo mpira ulikuwa unanitii. Baada ya mechi akanijia katibu wa jineri, mtu mnene, amevaa suti ya kaunda.

"Kijana, una cheti gani?"

"Cha darasa la saba, mzee."

"Kinatosha. Jumatatu uanze kazi."

"Kazi gani?"

"Ya mpira. Lakini kwenye karatasi lazima tukuweke mahali."

Msomaji wa leo huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Timu za mikoani hazikuwa na mishahara. Kila kiwanda, kila idara, kila chama cha ushirika kilikuwa na timu, na mchezaji mzuri alilipwa kwa kupewa ajira. Lakini kila mahali pa kazi palikuwa na ikama, orodha ya nafasi za kudumu zilizoruhusiwa, na nafasi zikijaa zimejaa. Aliyekuwa ndani ya ikama alikuwa mtu: ana likizo, ana matibabu, ana barua yenye muhuri anayoweza kumwonyesha baba mkwe. Aliyekuwa nje alikuwa kibarua, hata akifanya kazi hapo mpaka mvi zimtoke. Sisi wachezaji tulichomekwa ndani. Golikipa wetu alikuwa mpishi wa wageni na hajawahi kuchemsha hata yai. Mimi niliandikwa fundi rola, mashine ya nne.

Mashine ya nne ilikuwa na mtu wake.

Alikuwa mtu wa vijiji vya ziwani, ile rasi ya upande wa Musoma, amenizidi miaka kama kumi na miwili. Mwembamba, mzee wa kanisa, na muda wote alikuwa na nyuzi za pamba kwenye nyusi. Alikuwa kibarua kwa mwaka wa sita. Nilimpa barua yangu, akaisoma neno kwa neno midomo ikicheza, akanirudishia.

"Rola unaijua?"

"Siijui, kaka."

"Na mpira?"

"Huo naujua."

Akacheka. "Basi wewe chezaga, mdogo wangu. Hapa nitashika mimi."

Ungesema ni ukarimu, na ulikuwa ukarimu. Lakini sitajifanya sikujua. Jineri nzima ilijua kwamba nafasi ile ilikuwa yake, ameisubiri, na fundi aliyestaafu alikuwa amemfundisha ili aichukue. Katibu aliitoa kwa mtu wa kupiga pasi. Nilijua kufikia wiki ya pili, nikaendelea kula.

Alijaribu kunifundisha, Mungu anajua. Rola ni gogo la ngozi linalozunguka na kuvuta nyuzi za pamba, na mbele yake kuna kisu kirefu cha kuzuia mbegu zisipite. Kazi yote ya fundi ni kati ya ngozi na kisu. Alikuwa ananiita, anaweka kiganja juu ya chuma, anafumba macho. "Sikiliza. Ukikaza sana ile kisu, ngozi inaungua, utasikia harufu kama ng'ombe anachomwa chapa. Ukilegeza, mbegu inatoka na manyoya yake, mkulima amelima bure. Sikiliza sasa, inalia hivi, mm, mm. Hapo iko sawa." Mimi nasikiliza dakika kumi, miguu inaanza. Naona saa ya ukutani. Naona mlango. Nasema nakwenda kunywa maji, narudi kesho.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mwaka baada ya mwaka. Alfajiri nakimbia barabara ya Nyamuswa na kurudi, asubuhi nasaini kitabu cha mahudhurio, saa nne nalala juu ya marobota ya pamba, alasiri uwanjani. Tukisafiri, tulipanda juu ya lori, marobota chini, sisi juu, tunaimba. Siku za mechi za nyumbani kaka, ndivyo nilivyomwita, alikuwa anakuja akitokea zamu, bado ana pamba nywelani, anasimama nyuma ya goli. Jioni ananiambia, "Leo ile pasi ya kipindi cha pili, wewe ulimwonaje yule kijana kule pembeni?" Alikuwa ndiye mtu pekee aliyeona pasi. Wengine wote waliona magoli.

Mwaka wa nne nikachoka. Nilichoka kwa sababu ya mwaka wa nne wenyewe, si kwa sababu nyingine. Timu ya idara moja mjini Musoma ikaniita, wana viatu vipya, wana mipira miwili, nikaondoka Bunda bila hata kuandika barua. Nilipanga chumba karibu na mwalo wa Mwigobero, nikawa naamka na harufu ya dagaa wanaoanikwa, na kwa miezi miwili nilikuwa mtu wa furaha. Mwezi wa tatu kocha akanihamisha, akaniweka beki wa kushoto. Mimi? Nikagombana naye mbele ya wachezaji. Mwezi wa saba nikakutana na katibu wa jineri pale pale Mwigobero, amekuja kununua sato, amewashika wawili kwa mdomo.

"Unarudi lini wewe? Mwezi ujao tuna fainali ya timu za ushirika. Nafasi yako ipo."

Sikumuuliza ipo vipi. Nilirudi wiki ile ile.

Kaka alinipokea vizuri. "Karibu nyumbani, mdogo wangu." Siku ya tatu nikakaribishwa kwake kula ugali wa udaga wa muhogo na dagaa. Ukutani kulikuwa na picha yake ndogo ya pasipoti, amevaa tai. Nikamtania, nikamwambia anafanana na karani wa benki. Mkewe akanyanyuka akatoka nje.

"Ni ya barua ya ajira," kaka akasema, anaendelea kumega tonge. "Ulipoondoka, katibu aliniambia nilete picha mbili. Barua ilikuwa imeshachapwa. Halafu wewe ukarudi."

"Sasa picha ya pili?"

"Iko ofisini. Tai nilirudisha."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira ningeweza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni bingwa. Nilimwambia, "Nitaongea na katibu." Nilimaanisha, wakati ule tonge liko mkononi. Nilipofika ofisini kesho yake, katibu alikuwa ananipangia namba kwenye fainali, nikajiambia nitasema baada ya fainali. Tulifungwa moja bila, nikatolewa kipindi cha pili, na baada ya hapo sikuwa na nguvu ya kumwomba katibu kitu chochote. Huo ndio ukweli, na haupendezi.

Kisha mambo yakageuka nchi nzima, na pale Bunda yaligeuka haraka. Maduka yakajaa. Sabuni za kila rangi, mitumba milima kwa milima, redio, baiskeli. Ile sabuni niliyokuwa naivunjia miguu Nyamuswa sasa ilikuwa inauzwa na kila mwenye meza. Wakati huo huo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, malori yao yakawa yanaifuata mpaka shambani, na mkulima aliyekuwa anaudai ushirika tangu msimu uliopita angeacha kuwauzia kwa nini? Jineri ikakosa pamba. Kwanza ulikufa mpira. Katibu alitangaza kwamba timu imesimama kwa muda, na mimi nikiwa na miaka thelathini na mmoja, goti la kulia likiwa limeanza kukataa amri, nikajikuta nasaini kitabu cha mahudhurio bila kuwa na mahali pa kwenda alasiri. Nilizungukazunguka ua wa jineri. Nilihesabu mabati ya paa. Kaka alisema, "Njoo ujifunze basi, sasa una nafasi." Sikwenda, kwa kuona aibu kuanza sasa.

Ushirika ukaikodisha jineri kwa watu wenye mali zao kutoka Mwanza. Likatoka tangazo: waliomo kwenye ikama watapimwa kazi zao, atakayeiweza atabaki, vibarua wote waende nyumbani. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Nilisoma tangazo lile mara nne nimesimama mguu mmoja, maana goti lilikuwa linauma, na kila nikilisoma nilikuwa naona mambo mawili. Mimi siiwezi kazi ambayo ni yangu. Yeye anaiweza na si yake.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumatano. Mhandisi wa hao watu wa Mwanza alikuwa kijana, ana saa kubwa mkononi, anatembea haraka, anaandika huku anatembea. Akafika mashine ya nne.

"Wewe ndiye fundi rola?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Minane."

"Haya. Kisu hiki kimehama. Kirudishe." Akanipa spana.

Niliishika ile spana kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Nikaigusa nati moja, nikaigusa nyingine. Miaka minane! Hata ng'ombe wa baba angekaa karibu na mashine ile miaka minane angejua pa kuanzia. Mhandisi akaangalia saa.

"Fundi yuko nje," nikasema. "Yuko getini na vibarua."

Nashukuru kwamba angalau hilo nililisema. Akaitwa. Akaingia, akatusalimia wote kwa heshima, akaweka kiganja kwenye chuma, akafumba macho. Akakaza kidogo upande wa kushoto, akalegeza kulia, akaomba mashine iwashwe, akagusa mara moja tena. Mlio ukabadilika. Hata mimi niliusikia safari hii, mm, mm. Mbegu zikaanza kudondoka chini safi, hazina hata unywele.

Mhandisi alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu.

"Sikilizeni. Nina nafasi moja ya fundi rola, na jina lililoko kwenye orodha ni la huyu. Orodha inakwenda Mwanza Jumamosi saa sita mchana. Huyu akiandika barua ya kujitoa, akaisaini mbele yangu, nitaandika jina la yule. Asiposaini, namleta mtu wangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema.

"Basi saini sasa."

Ilikuwa kazi ya dakika moja tu. Karatasi alikuwa nayo mkononi. Lakini nilikuwa na jambo langu ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Musoma kulikuwa kumefunguliwa kiwanda cha minofu ya sangara, wanaunda timu, na walikuwa wameniita kwenye mechi ya majaribio Ijumaa. Nikipata huko, nitasaini huku kwa moyo mweupe. Nisipopata, nitakuwa nimemwacha mke mjamzito bila mshahara. Nikataka nishike kule kabla sijaachia huku.

"Nipe mpaka Jumamosi asubuhi," nikamwambia mhandisi. Akainua mabega.

Nje nilimweleza kaka kila kitu. Alinisikiliza, akanipangusa pamba begani. "Una watoto," akasema. "Nendaga. Jumamosi nitakuwepo hapa." Barua niliiandika usiku ule ule, nikaitia mfukoni mwa shati, bado sahihi tu.

Alhamisi nikapanda basi kwenda Musoma. Ijumaa uwanjani tukaambiwa wapinzani wamekwama njiani, lori lao limepasuka tairi, mechi itachezwa kesho saa nne asubuhi.

Nimeirudia jioni ile ya Ijumaa kichwani mara nyingi kuliko mechi yoyote. Nilikwenda Mwigobero, nikarudi, nikaenda tena. Nilikwenda mpaka stendi, nikauliza basi la kwanza la Bunda linaondoka saa ngapi. Saa kumi na mbili alfajiri. Ningepanda, saa tatu ningekuwa jineri, ningesaini, yamekwisha. Nilisimama pale stendi na kile kilichonipoteza si ubaya, naapa. Ni mazoea. Miaka minane nilikuwa nimeona jinsi karatasi zinavyokwenda kwenye ofisi ile. Orodha ya kwenda Mwanza Jumamosi ilikuwa inaondoka Jumatano ya wiki inayofuata, kama dereva yupo. Barua za watu zilikuwa zinakaa mezani mpaka kikombe cha chai kinaziachia duara. Jumamosi ya ushirika haijawahi kuwa Jumamosi. Nikajiambia nitacheza, Jumapili nitarudi, Jumatatu asubuhi nitasaini, na orodha itakuwa bado haijachapwa. Hata haikunijia kwamba mwenye mali yake ana Jumamosi yake.

Nikabaki.

Na nilicheza. Mungu wangu, nilicheza. Goti lilinyamaza kana kwamba limepewa likizo. Nilikuwa naona uwanja mzima, naona mtu anakotaka kwenda kabla hajaamua mwenyewe. Dakika ya ishirini nilitoa pasi moja, ndefu, ya kifundo cha mguu, ikapita kati ya mabeki wawili ikamkuta winga hata hakuhitaji kupunguza mwendo. Watu walipiga kelele kabla ya goli. Kwa mara ya kwanza maishani watu walipiga kelele kwa ajili ya pasi. Wakati naitoa ilikuwa kama saa nne na nusu. Mpira ulipokwisha ilikuwa karibu saa sita, na mimi nilikuwa nimebebwa.

Meneja akasema njoo Jumanne. Walinichukua kweli, si vizuri nisiseme. Walinichukua kubeba barafu, kibarua, siku kwa siku, mpaka goti likakataa kabisa na timu ikavunjwa.

Jumapili alasiri nilishuka Bunda nikaenda moja kwa moja jineri. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya. Mlinzi ndiye aliyeniambia. Orodha iliondoka jana, saa sita kamili, gari lilikuwa limewashwa tangu saa sita kasoro. Fundi kutoka Mwanza ameshafika, anaanza kesho.

"Na kaka alikuja?"

"Saa moja asubuhi alikuwa hapa. Na mama watoto wake. Mama alikaa hapo kwenye benchi langu, yeye alikataa kukaa. Suruali ilikuwa imenyooshwa, hakutaka ikunjike. Kila basi likipita kule barabarani anaangalia. Mhandisi alitoka, akaangalia huku, akaangalia kule, akamwambia pole mzee, akaingia kwenye gari."

Nilikwenda kwake nikikimbia, goti liume lisiume. Nilimkuta nje ya chumba chake anafunga godoro kwa kamba ya katani. Kesho yake walikuwa wanaondoka kwenda kwao, basi mpaka Musoma, halafu mtumbwi. Mkewe aliniona kwanza. Nilimwamkia, akachukua sufuria akaingia ndani.

"Kaka, nimekuja."

"Nakuona."

"Barua ninayo. Ona, nilikuwa nimeshaiandika. Twende kesho asubuhi, nitamwomba yule mhandisi, nitampigia magoti." Nikaitoa. Ilikuwa imelowa jasho la shati, wino umetawanyika pembeni. Aliipokea, akaiangalia kidogo, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kuna mtu ameshapewa, mdogo wangu. Na yeye ana watoto."

Akaendelea kufunga. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige, na kama angeinua mkono ningeinamisha kichwa.

"Jana mlicheza?" akauliza.

"Tulicheza."

"Ulichezaje?"

Ukweli ulikuwa kwamba sijawahi kucheza vile, na sitacheza tena. Lakini ningeyatamkaje hayo mbele ya mtu aliyesimama getini tangu saa moja mpaka saa sita na suruali iliyonyooshwa? Niliona kwamba kumwambia nilicheza vizuri ni kumtemea mate. Nikadhani angalau nimpunguzie.

"Vibaya, kaka. Nilicheza vibaya sana."

Mikono yake ikasimama kwenye fundo. Aliniangalia, na katika miaka yote minane sijawahi kumwona na uso ule.

"Jana pale getini," akasema, "ilipofika saa tano nikajua huji. Nikamwambia mke wangu, potelea mbali, yule kijana huko aliko leo anacheza mpira mzuri. Nilikuwa najipaga moyo na hicho."

Nilifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi, nikaona kwamba sasa hataniamini, ataona namdanganya kwa huruma, na pengine angekuwa na haki. Nikaufunga.

"Shika huko," akasema.

Nikashika upande wangu wa godoro, yeye akashika wake, tukalibeba mpaka kando ya barabara. Mimi nilikuwa mbele, na sikuthubutu kugeuka.